Kantha ya kitanda ya saree kuukuu: igeuze kwanza

Mswahili hahitaji kutafsiriwa neno nakshi. Wabengali nao wanalo. Nakshi kantha ni saree, dhoti au lungi (nguo za wanaume za kujifunga kiunoni) zilizochakaa, zikapangwa tabaka kwa tabaka na kudariziwa kwa mkono. Hii ya kitanda cha mtu mmoja, sm 150 kwa 220, ni kazi ya Jamalpur, Bangladesh: tabaka 3 za saree za pamba, yungiyungi katikati, na pembeni kalka, ile sura ya korosho tuliyoizoea kwenye khanga.

Igeuze kwanza. Nyuma mishono haijalingana sawasawa, na mafundo yamefichwa kati ya tabaka. Ni ya mkono, hakuna ubishi. Cherehani ingeacha nyuzi mbili zilizonasana na matundu yaliyofuatana kama ya rula.

Ile mikunjo midogo kama mawimbi usiipige pasi. Ndiyo kantha yenyewe. Mshonaji akimaliza ua hulizungushia mishono, mstari nje ya mstari, hadi ikutane na ya ua la jirani. Na kwa kuwa uzi huvutwa kidogo kila mara, nguo inajikunja. Hapa mistari inayozunguka yungiyungi imeachana mm 3, kazi safi kabisa. Kuelekea ukingoni inafika mm 10, na tabaka la kati limeshaanza kujikusanya. Haraka hiyo. Tabaka hujikusanya pia iwapo bandi za mwanzo, zile ndefu za kushikiza nguo kabla ya kudarizi, zilianzia ukingoni badala ya katikati.

Zamani uzi ulichomolewa kwenye pindo za saree zilezile, umeshafuliwa miaka na miaka, hauna rangi ya kuchuja. Huu ni wa dukani, na mwekundu unachuja: kandamiza kitambaa cheupe kilicholowa kwa dakika 2, kinatoka na waridi. Ifue peke yake, maji baridi, sabuni isiyo kali. Usiikamue wala kuitundika ikiwa imelowa, maana uzito wa maji huchana saree iliyokwisha kuwa nyembamba. Itandaze kivulini.

Kwa kutandika kochi tunaipa 4 kati ya 5. Wabengali huwafunika watoto wachanga kwa kantha, lakini si kwa hii; mtoto akikojoa usiku mmoja tu, godoro litakuwa jekundu.