Rimu za inchi 20 kwenye Hilux: uzoefu wangu wa miezi 14 na seti mbili

Ndani ya miezi 14 pikapu yangu imevaa seti mbili za rimu kubwa. Zote ni za inchi 20, upana inchi 9, matundu sita. Tairi ni zilezile 285/55R20, nilizihamisha kutoka seti moja kwenda nyingine. Seti ya kwanza niliivumilia miezi mitano nikaivua. Ya pili iko kwenye gari mpaka leo na sina mpango wa kuitoa. Kinachozitofautisha ni namba ndogo iliyopigwa nyuma ya spoku: ya kwanza imeandikwa ET0, ya pili ET20, yaani ofseti kwa milimita. Kabla ya kununua nilisoma mengi kuhusu inchi na rangi, lakini ofseti ilikuwa inatajwa juujuu tu, na hiyo ndiyo iliyonigharimu seti nzima.

Gari ni Hilux ya dizeli, kebini mbili, 4x4. Ilitoka kiwandani na rimu za 17 kwa 7.5, ET30, tairi 265/65R17. Sikuiinua. Springi na shokapu ni zake za asili.

Ofseti ni hivi. Chukua mstari unaogawa upana wa rimu katikati, kisha pima kutoka hapo hadi uso wa rimu unaokaa kwenye habu, yaani kitovu cha gari ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Uso huo ukiwa upande wa nje wa mstari, namba ni chanya na gurudumu linaingia ndani ya gari. Ukiwa juu ya mstari kabisa, ni sifuri. Kadiri namba inavyoshuka ndivyo gurudumu linavyotoka nje.

Hesabu yenyewe inatosha nyuma ya risiti. Tairi la kiwandani lina upana wa milimita 265, nusu yake 132.5. Ongeza 30 za ofseti, upande wa ndani unapata 162.5. Toa 30, upande wa nje unapata 102.5. Tairi langu jipya nusu yake ni 142.5. Kwa ET0 upande wa nje ni 142.5, maana yake limechomoza milimita 40 zaidi ya lile la awali, kila upande wa gari. Kwa ET20 upande wa nje ni 122.5, na ndani tunarudi kwenye 162.5 ileile. Tairi pana zaidi, lakini halijasogea hata kidogo kuelekea mkono wa juu wa saspensheni. Hesabu hii niliifanya baada ya miezi mitano ya kusumbuka, na ndiyo iliyoniuzia seti ya pili.

Sasa nieleze usumbufu wenyewe. Kwa ET0 gari likisimama lilikuwa na sura ya kibabe kweli, limepanua miguu. Lakini jioni ileile, nikirudi nyuma huku usukani umekatwa hadi mwisho, nilisikia mkwaruzo kushoto mbele. Tairi lilikuwa linakula plastiki ya ndani ya madigadi. Siku mbili baadaye, kwenye shimo la kawaida tu, likagonga kwenye kona ya chuma kinachobeba kebini, pale nyuma ya gurudumu la mbele. Nilikuwa naamini kwamba gurudumu likitoka nje linapata nafasi zaidi. Ndani linapata, ndiyo. Lakini linapokata kona linazunguka kwa duara kubwa zaidi, na ncha za tairi zinafika mahali ambapo hazikuwa zikifika: mbele kwenye ukingo wa bampa, nyuma kwenye kebini.

Usukani nao ulibadilika. Kwenye lami iliyochimbwa na malori, zile njia mbili zilizobonyea, gari lilikuwa linataka kufuata njia lenyewe, na ilibidi nishike kwa mikono miwili muda wote. Gurudumu likisogezwa mbali na mhimili linaozungukia, kila jiwe na kila bonde linapata nyenzo ndefu zaidi ya kuuvuta usukani. Nyenzo hiyohiyo inabebwa na beringi, bol jointi na tairodi, yaani viungo vya gurudumu na usukani. Mwezi wa tano fundi alitikisa gurudumu la kushoto akakuta tairodi endi imeanza kucheza. Gari lilikuwa limeshapita kilomita 70,000, kwa hiyo siwezi kuitwisha rimu lawama yote, lakini upande wa pili ulikuwa mzima na upande ulioharibika ndio uliokuwa ukigonga.

Jambo la tatu, mawe. Tairi lililotoka nje ya bodi linarusha kila linachookota moja kwa moja ubavuni. Rangi ya chini ya milango ya nyuma imechubuka na haitarudi bila kupigwa upya. Pia nchi nyingi zinakataza tairi kuchomoza nje ya madigadi, na kampuni ya bima inapaswa kujua kwamba umebadilisha rimu. Hayo mawili yamalize kabla ya kulipia.

Kuhusu ufungaji, hapa naomba msomaji asikimbie. Nilipofungiwa seti ya kwanza, gari lilishushwa chini, uzito wote ukakaa kwenye magurudumu, ndipo bunduki ya hewa ikakaza nati moja baada ya nyingine kwa mzunguko. Kuanzia kilomita 95 kwa saa usukani ulikuwa unatetemeka hadi kikombe kinacheza kwenye kishikilio. Nilibalansi tairi mara mbili bila mafanikio. Tatizo lilikuwa kwenye tundu la katikati. Habu ya Hilux ina kipenyo cha milimita 106.1, na rimu zangu zilitobolewa 110 ili zienee kwenye magari mengi. Kuna upenyo wa karibu milimita 2 kila upande, na rimu inaweza kukaa popote ndani ya upenyo huo. Dawa ni pete za kujazia, za alumini au plastiki ngumu, zenye kipenyo cha ndani cha habu yako na cha nje cha rimu yako.

Seti ya pili niliifunga mwenyewe. Nilisugua kutu kwenye uso wa habu kwa brashi ya waya, nikapachika pete, ikaingia kwa kubana kidogo, kisha rimu ikateleza juu yake na kutoa mlio mdogo wa kukaa mahali pake. Gurudumu likiwa bado hewani nikaingiza nati kwa vidole, nikakaza kwa mtindo wa nyota, hii kisha ile inayoikabili. Mkazo wa mwisho niliutoa kwa spana ya kupimia, kwa kipimo cha kitabu cha gari, baada ya tairi kugusa chini. Kilomita 100 baadaye nikarudia, na nati mbili zilisogea kidogo. Mtetemo umeisha kabisa.

Nati zenyewe nazo ziangalie. Zangu za awali zilikuwa na washa bapa, na rimu hizi zina vikao vya koni. Nati bapa kwenye kikao cha koni inagusa ukingo tu, na hiyo ni njia ya gurudumu kukuacha barabarani. Hesabu pia mizunguko: kwa stadi za Hilux, yaani bolti za habu zinazoshika nati, milimita 12 zenye hatua ya 1.5 kati ya nyuzi, nataka nati izunguke angalau mara 8 kabla haijabana. Ikibana mara ya tano, rimu ni nene mno au stadi ni fupi.

Mambo ambayo ni yaleyale kwa seti zote mbili ni ya ukubwa na uzito. Kipenyo cha tairi kimetoka milimita 776 hadi 821, ongezeko la asilimia 5.8. Zamani spidimita ikisoma 100, GPS ilisema 96. Sasa ikisoma 100, GPS inasema 101 au 102. Ule ukarimu wa spidimita umekwisha, na anayeendesha akitegemea kwamba kuna kilomita nne za ziada atapigwa faini. Kilomita zinazohesabiwa zimepungua kwa kiwango hichohicho, na hapo watu wengi wanakosea wanapolalamikia mafuta. Hesabu yangu ya kwanza ilinipa kilomita 9.1 kwa lita nikashtuka. Nilipozidisha umbali kwa 1.058 nikapata 9.6. Zamani nilikuwa napata 10.5. Imepanda matumizi, ila si kwa kiasi cha kutisha.

Nilipima gurudumu moja moja kwenye mizani: la zamani kilo 30, jipya 41. Kilo 11 mara nne, na zote zinazunguka. Gari linaondoka kivivu zaidi, gia otomatiki inashuka mapema mlimani, na breki zinataka mguu mzito kidogo. Nikiwa na mzigo nyuma naacha nafasi kubwa zaidi mbele yangu kuliko zamani. Kwa anayebeba karibu na kikomo kila siku, ningemwambia abaki na inchi 17 au aishie 18.

Na kwa kuwa ni pikapu, soma uwezo wa kubeba. Tairi za awali zilikuwa na alama 112, yaani kilo 1,120 kila moja. Usikubali namba ya chini ya ile ya gari lako, hata tairi liwe zuri namna gani. Rimu nayo huwa na kilo zake zimepigwa nyuma ya spoku. Zenye alama ya JWL-T zimetengenezwa kwa kiwango cha Japani cha malori, na JWL bila T ni kiwango cha magari ya abiria.

Tairi la akiba ndilo lililobaki kunikera. Jipya haliingii chini ya bodi, kwa hiyo bado nimebeba la 17. Kulifunga kwenye ekseli ya nyuma kunalazimisha difu, gia ya ekseli inayoruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti, kufanya kazi muda wote kwa sababu kipenyo hakilingani, na kuweka 4x4 kwenye lami katika hali hiyo ni kuharibu gia. Nikipata pancha nyuma, natoa la mbele kulipeleka nyuma, la akiba linakaa mbele, naendesha polepole hadi kwa fundi tairi, na 4x4 siigusi.

Upepo niliupata kwa chaki. Chora mstari mnene kukata uso wa tairi, endesha mita mia kadhaa kwenye lami iliyonyooka, ushuke uangalie. Kwa psi 38 chaki yangu ilifutika katikati tu. Kwa 33 ilifutika sawasawa hadi kingoni, na humo ndimo nilimobaki gari likiwa tupu. Nikipakia naongeza nyuma.

Kwa seti hii ya ET20 gari limetulia kwenye kona, mashimo madogo yanasikika zaidi kuliko kwa inchi 17, na usukani umerudi kuwa wa mkono mmoja. Msimu wa mvua umepita bila tairi kugusa popote. Ile alama nyeusi ya mkwaruzo kwenye plastiki ya kushoto bado ipo. Kila nikiosha gari naipima kwa kidole, na tangu nibadilishe seti haijaongezeka.