Mafuta ya kutunzia bastola: yapi ununue ukiwa Dar es Salaam

Masika ya mwaka jana yalipokolea niliona madoa ya kutu, madogo kama punje za ulezi, kwenye silinda, lile gurudumu lenye matundu ya risasi, ya rivolva ninayoimiliki kwa leseni kwa ajili ya biashara yangu. Naishi Kigamboni, mahali ambapo upepo wa bahari huingia na chumvi yake hadi kabatini, kwa hiyo sikushangaa. Nilivuka hadi Gerezani, nikaingia duka la vifaa, na muuzaji akanipa kopo la mafuta ya kupuliza akisema, “Mama, mafuta ni mafuta. Hili ukipuliza linaingia kila mahali.” Nilifika nyumbani nikapuliza kama nilivyoelekezwa, risasi sita zikiwa bado ndani ya silinda.

Wiki kadhaa baadaye, kwenye uwanja wa shabaha, risasi mbili kati ya hizo sita hazikulia. Nyundo ilipiga, mlio ukawa mkavu, nami nikasubiri sekunde 30 mtutu ukiwa umeelekea kwenye tuta la mchanga, kwa sababu risasi iliyokataa inaweza kulia ikiwa imechelewa. Nilipozitoa nilikuta kila moja ina alama ya pini katikati ya kitako, na kuzunguka fataki, kiwashio cha baruti kilicho hapo katikati, kulikuwa na utando wa mafuta uliong'aa kama jicho la samaki.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo wauzaji hawalitaji na wanunuzi hatuliulizi. Tunauliza kama mafuta yanazuia kutu, ilhali karibu mafuta yote huzuia kutu kwa muda fulani. Swali la kuuliza ni kama mafuta hayo yanapenya, na yanatoka vipi kwenye chombo chake. Fataki ni kikombe kidogo cha chuma kilichoshindiliwa kwenye kitako cha risasi, na ndani yake mna chembe ya kilipuzi inayowasha baruti. Mafuta mepesi yaliyotengenezwa ili yapenye kwenye nati zilizoganda hupenya pia kwenye mwanya ulio kati ya kikombe hicho na kitako, yakailowesha chembe ile, na risasi ikafa bila kuonyesha dalili yoyote kwa nje. Viwanda vingine huziba mwanya huo kwa rangi ya lakeri, lakini si risasi zote zilizozibwa. Kwenye rivolva hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa bastola ikisimama ndani ya ala mdomo ukiwa chini, vitako vya risasi hutazama juu, na tone lolote lililo nyuma ya silinda hutua juu yake.

Kwa kipimo hicho, chaguo langu la kwanza ni Ballistol, tena ile ya chupa ya kumimina, si ya kupuliza. Mafuta haya yalibuniwa Ujerumani mwaka 1904, na yana sifa moja ambayo sijaiona kwenye mengine niliyotumia: ukiyachanganya na maji hugeuka meupe kama tui, na mchanganyiko huo huosha chumvi. Kwa mtu wa pwani hili ni jambo kubwa, kwa sababu mafuta ya kawaida hayayeyushi chumvi bali huifunika tu, na kutu ikaendelea chini kwa chini. Hata wanaotunza magobore ya zamani watafaidika, maana masizi ya baruti nyeusi huondoka kwa maji. Ukishaosha, kausha vizuri, kisha weka tone moja la mafuta matupu kwenye kitambaa cha pamba na ufute chuma. Nayo pia yasiguse risasi, kwa kuwa hakuna mafuta ambayo fataki inayapenda.

La pili ni Hoppe's No. 9, iliyokuwepo tangu 1903. Hii ni dawa ya kusafishia mtutu, na baada yake ni lazima upake mafuta. Mwenye rivolva ya saizi ya .357 Magnum anayelengea shabaha kwa risasi za .38 Special, ambazo nazo huingia humo, ataihitaji, kwa kuwa ganda la .38 ni fupi kuliko la Magnum kwa takriban milimita 3.4, na masizi hujijenga kama pete ndani ya tundu la silinda mpaka risasi ya Magnum inakataa kuingia hadi mwisho. Brashi na dawa hii huiondoa pete hiyo. Usiiache muda mrefu kwenye bastola iliyopakwa nikeli, kwani inaweza kuharibu nikeli hiyo.

Break-Free CLP naiweka ya tatu. Inasafisha, inalainisha na inalinda, lakini inapenya sana, na mwenye haraka atajikuta amefanya kosa nililolifanya mimi. WD-40 ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 kwa ajili ya kuondoa maji kwenye chuma, na kwa kazi hiyo inafaa ukinyeshewa. Kwa ulinzi wa miezi mingi kasikini haitoshi.

Mafuta ya cherehani yanatosha kwa mwezi mmoja. Mafuta ya nazi, ambayo wazee wengine bado huyatumia, huganda chini ya nyuzi 24, na usiku wa Julai yatakwamisha silinda.

Kinachoniuma ni namna tunavyouziwa. Nimeonyeshwa chupa zilizokwanguliwa lebo, nimeonyeshwa mafuta yaliyomiminwa kwenye chupa za dawa ya kikohozi, na bei hutajwa baada ya muuzaji kukutazama usoni, na mwanamke hutajiwa ya juu zaidi. Nikidai kopo lililofungwa naambiwa nina maringo. Mtu anayeuza kitu kitakachowekwa kwenye silaha anapaswa kujua kilichomo, na asipojua aseme hajui. Usinunue chupa isiyo na lebo kamili, hata ukiapiwa.

Kabla ya kufungua chupa yoyote, toa risasi zote, zihesabu, ziweke chumba kingine, na usizirudishe mpaka matundu ya silinda yamekauka kiasi kwamba karatasi nyeupe ikipitishwa ndani yake inatoka bila doa.