Fremu ya jina Rocío kutoka duka la zawadi la Kisumu

Duka moja dogo la zawadi karibu na Barabara ya Oginga Odinga mjini Kisumu hutengeneza fremu za mbao zenye majina ya watoto, kila moja ikiwa na maelezo mafupi ya asili na maana ya jina. Niliagiza moja kwa ajili ya mpwa wangu aliyebatizwa Rocío. Useremala hauna kasoro: mbao zimepigwa msasa vizuri na vanishi haikuacha michirizi.

Maelezo ndiyo yaliyonitatiza. Yanasema kwamba Rocío ni jina la Kihispania lenye maana ya umande, jambo ambalo ni kweli, kwani mzizi wake unatoka katika Kilatini, ambamo umande huitwa ros. Kisha yanaongeza kwamba jina hilo hupewa msichana aliyezaliwa alfajiri, umande ukiwa bado nyasini. Nadhani hapo fundi amelipima jina la wageni kwa kipimo cha huku kwetu, ambako Akinyi huzaliwa asubuhi na Akoth huzaliwa mvua ikinyesha. Rocío anaweza kuzaliwa saa yoyote. Jina hili limeenea kwa heshima ya Bikira Maria wa Rocío, ambaye sanamu yake imo katika kanisa la kijiji cha El Rocío, manispaa ya Almonte, katika mkoa wa Huelva, kusini mwa Uhispania, mahali ambapo umati mkubwa wa mahujaji, wengine wakisafiri kwa farasi na kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, hukusanyika kila Pentekoste. Ndiyo maana wasichana wengi huandikishwa kama María del Rocío, na nyumbani huitwa Chío. Kwa familia ya Kikatoliki kama yetu, maelezo yasiyomtaja Bikira Maria yameacha kiini cha jina.

Aidha, alama ya mkazo juu ya herufi i haikuchongwa. Mzungumzaji wa Kiswahili atalitamka jina sawasawa hata bila alama hiyo, kwa kuwa mkazo wetu nao huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, lakini kwa Wahispania hilo ni kosa la tahajia. Mwenye duka aliiongeza bila malipo. Maelezo, alisema, hayafutiki. Kwa shilingi 1,800 ningeagiza tena, ila maelezo nitayaandika mwenyewe na kumkabidhi kabla hajaanza kuchonga.