Mpingo au chuma chenye vihisi: sanamu ipi ifae?

Wachongaji wa Mtwara wanaotaka kuunganisha mazingira, teknolojia na akili katika sanamu moja huweza kubishana kama watumie mpingo au chuma chakavu chenye vihisi (vifaa vinavyotambua mtu akikaribia) na mota. Kwa gharama, chuma hushinda, kwani mpingo huchukua takriban miaka 70 hadi 100 kukomaa na unastahili kutoka katika misitu ya vijiji inayovunwa kwa utaratibu, kama ile ya Kilwa. Kwa matunzo, mpingo hutaka kitambaa na nta tu, ilhali hewa ya chumvi ya pwani huharibu maungio ya nyaya, na umeme ukikatika sanamu husimama.

Uzito wa suala uko kwenye akili yenyewe. Mtindo wa ujamaa wa Wamakonde, wenye watu waliosokotana katika gogo moja, huonyesha akili kuwa mali ya jamii nzima, na hakuna mashine niliyoiona ikilieleza hilo kwa nguvu hiyo. Hata hivyo, chuma kinachogeuka mtu akikaribia humlazimisha mtazamaji ajiulize ni nani anayemtazama mwenzake. Mwenye ukumbi usioingiza hewa ya chumvi na fundi wa karibu achukue chuma. Shule ya Mikindani isiyo na fundi ichukue mpingo, iuweke kivulini usipasuke.