Mwanza mpaka Seronera siku mbili kumtafuta duma: nyota nne, ya tano imeliwa na zipu

Kampuni siitaji jina maana bado nadaiana nao hela ya chakula, ila mnaotafuta gari ya kushea kwenda Serengeti kutokea hapa Mwanza mnajua ofisi ziko kibao na bei zinakaribiana. Sisi tulilipa laki tatu na nusu kila kichwa, tuko sita kwenye Landkruza moja, kiingilio humo humo na kulala kwenye hema kambi ya Seronera usiku mmoja.

Shida ilianzia kwenye tangazo. Wameandika "DUMA UHAKIKA" halafu picha waliyoweka ni ya chui! Jamani. Chui madoa yake yamejipanga kama maua, ya duma ni nukta nyeusi tupu, na duma ana ile michirizi miwili inashuka kutoka jichoni mpaka mdomoni kama mtu aliyelia na wanja. Nikajua hapa tumeshapigwa, lakini hela nilikuwa nimeshatuma.

Tukaambiwa tukutane Buzuruga saa kumi alfajiri, gari ikaja saa kumi na moja na nusu, pole hakuna. Magu tumepita kunapambazuka, Lamadi chai na chapati, tukaingia geti la Ndabaka jua limeshachomoza. Kutoka pale mpaka Seronera usidanganywe na ramani, ni zaidi ya kilomita mia na kitu za vumbi na matuta, na siti yangu ya nyuma springi ilikuwa imechomoza, mpaka leo nakaa upande.

Nyota zote nne ni za dereva, Msukuma wa Magu, mtu mzima, maneno machache. Asubuhi ya siku ya pili saa moja tuko barabarani, akasema duma anawinda mchana kwa sababu usiku ni wa simba na fisi, na hao hawezi kushindana nao. Mi nikawa naangalia nyasi, yeye anaangalia vichuguu, na swala tomi wakisimama wote wamekodoa upande mmoja anapunguza mwendo. Kichuguu cha tatu au cha nne hivi, yupo juu amekaa wima, na chini yake vitoto viwili vyenye manyoya ya kijivu mgongoni utadhani nyegere.

Akazima gari palepale barabarani, kama mita mia mbili. Mi na ujuaji wangu nikamwambia kaka si usogee basi, tumelipia hii kitu. Akanijibu bila kugeuka, "Bosi, yule ana watoto wa kulisha, tukae hapa." Akatoa darubini, moja kwa watu sita, kioo cha kushoto kimekwaruzika. Nilinuna kabisa.

Duma akashuka. Tumbo karibu liguse chini, swala akiinua kichwa anaganda mguu ukiwa hewani, swala akirudi kula anaongeza hatua mbili. Nusu saa nzima hivyo, jirani yangu kashalala anakoroma. Dereva anasema pale ndipo kazi ilipo, maana ile spidi yake ya kilomita mia kwa saa ni ya sekunde chache tu, pumzi inakata, kwa hiyo akianza mbali kashakosa.

Sasa kuna gari nyingine, sijui ya nani, ikaacha barabara ikakata kwenye nyasi kumfuata, na kule ni marufuku. Swala wote wakatimka. Duma akafyatuka hivyo hivyo, mkia unachapa huku na huku, yaani sijafungua kamera kashasimama, mbavu zinapanda na kushuka kama kiriba cha mfua vyuma. Akageuka akawaita watoto kwa sauti nyembamba kama ya ndege, wakapotelea kwenye nyasi. Picha yangu ni nukta ya njano.

Pale ndo nikanywea. Mama mwenye watoto anahitaji nyama karibu kila siku, na hata akiua anahema kwanza, fisi akitokea anamwachia maana akiumia mguu hawindi tena na watoto wanakufa. Nilivyorudi nikasoma zaidi, wa Serengeti wanafuatiliwa tangu 1974 na kila mmoja anatambulika kwa madoa yake, ila dunia nzima makadirio ya 2016 yalikuwa kama 7,100 tu, na sehemu kubwa ya maeneo yao iko nje ya hifadhi, kwenye mifugo na mashamba ya watu. Halafu kuna mtu anamharibia mawindo kwa ajili ya selfi.

Mengine haraka haraka. Sato wa kukaanga tulioahidiwa aligeuka yai moja na chapati ngumu. Zipu ya hema mbovu, kambi haina uzio, nimelala nimeishikilia kwa mkono fisi wanacheka huko nje, usingizi sifuri. Mkienda ombeni yule mzee wa Magu, na darubini mbebe zenu.

Jana wamenijibu WhatsApp watarudisha elfu ishirini ya chakula. Nikawaambia watoe na ile picha ya chui. Tiki mbili za bluu, picha bado ipo.