Glavu ya Mwanaanga: Tunaifungua Tabaka kwa Tabaka

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo nachambua glavu ambayo huikuti dukani: Phase VI, iliyotengenezwa na ILC Dover ya Marekani. Ndiyo wanayovaa wanaanga wa NASA wakitoka nje ya Kituo cha Anga cha Kimataifa.

Kabla hatujaifungua, hebu chukua glavu ya mpira ya kuoshea vyombo. Ipulize ijae, ifunge mdomo, halafu kunja kidole chake. Kinagoma, sivyo? Ukikiachia kinanyooka chenyewe. Mwanaanga anafanya kazi na shida hiyo saa sita, saba. Nje hakuna hewa, ndani kuna oksijeni yenye mgandamizo unaokaribia theluthi ya huu wa hapa duniani, kwa hiyo kila akishika spana anashindana na glavu yake mwenyewe.

Ndani kabisa kuna mfuko wa poliyurethani unaozuia hewa isivuje. Juu yake kuna kitambaa cha poliesta kinachoubana usivimbe, na ufundi wote uko hapa: kwenye viungo vya vidole kimeshonwa marinda madogo madogo, kidole kipate pa kupindia. Kiganjani umepita ufito wa chuma, la sivyo pangetuna kama puto. Nje ni tabaka za kukinga joto na baridi, kiganja cha Vectran (kitambaa cha nyuzi imara sana), na silikoni vidoleni ili vitu visiteleze. Nchani mwa vidole kuna hita za umeme. Hilo nimelipenda mno, maana chuma kilichokaa kivulini huko juu kinagandisha vidole.

Uimara? Agosti 2007, mwanaanga Rick Mastracchio, akiwa kazini nje ya kituo, aliona gumba la glavu yake ya kushoto limechanika. Hewa haikuvuja, ila alirudishwa ndani mapema. Baadaye gumba na kidole cha shahada viliongezewa viraka vigumu zaidi.

Ninapokata alama ni kwenye kucha. Wapo wanaanga ambao kucha zao zimebanduka kwa kusukumana na ncha za glavu, na kwangu hilo ni kosa kubwa la kifaa cha kazi.

Ndiyo maana nampenda Peter Homer, mhandisi wa jimbo la Maine, Marekani, aliyeshona glavu yake nyumbani, akaipeleka kwenye shindano la NASA la glavu za wanaanga mwaka 2007, na kuondoka na dola 200,000.