Mbuga ya Nairobi kwa gari dogo la kawaida: uzoefu wangu

Naipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimeikata kwa ajili ya barabara. Mbuga hii ya kilomita mraba 117, iliyoanzishwa mwaka 1946, iko kama kilomita saba tu kutoka katikati ya jiji, na huhitaji gari kubwa wala mwongozaji kuifaidi.

Lipia kwa eCitizen, mtandao wa serikali wa malipo, usiku uliotangulia. Langoni hawapokei pesa taslimu, na gari lina ada yake kando na ya watu. Wengi husahau hiyo ya gari, wakabaki kuhangaika na simu huku wenzao wakipita. Fika lango la Lang'ata saa 12 asubuhi. Kufikia saa 4 simba wameshajilaza nyasini, na joto linalopanda kutoka ardhini huitia ukungu picha ya mbali hata ukiwa na lenzi nzuri.

Ukimtaka twiga pamoja na maghorofa ya jiji, simama mbali naye na utumie lenzi ya milimita 200 au zaidi. Hapo majengo huonekana yamemkaribia mgongoni. Laza mfuko wa mchele wa kilo mbili dirishani, weka lenzi juu yake, kisha zima injini, maana mtetemo wake huharibu picha.

Usipoteze asubuhi kwa kuzunguka ukimtafuta simba. Mimi huja kwa ajili ya faru, weusi na weupe, nao hutaka utulivu. Egesha karibu na bwawa nusu saa nzima. Tazama mgongo wa faru: wale ndege wadogo wenye mdomo mwekundu, wanaomtoa kupe, wakilia ghafla na kuruka, yeye huinua kichwa na kugeuza masikio. Hapo usiwashe gari wala usifungue mlango. Tembo usimtafute, hayupo.

Sasa barabara. Sehemu kubwa ya ardhi ni udongo mweusi. Mvua ikinyesha usiku, tope hujaza meno ya tairi na gari lisilo na 4x4 huteleza kama limekanyaga sabuni. Baki kwenye njia kuu za changarawe, na uombe nambari ya simu ya walinzi kabla hujaondoka langoni, kwa sababu ukikwama huruhusiwi kushuka kusukuma. Tena upande wa kusini hauna ua: mvua zikikolea, nyumbu na pundamilia wengi huvuka kwenda Kitengela. Kiangazi, kuanzia Julai hadi Oktoba, hurudi kutafuta maji, na gari dogo linapita vizuri.

Kwenye mabwawa ya viboko utatembea kwa miguu ukisindikizwa na askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Funga vioo vyote kabla ya kushuka, hata kama ni dakika tano tu. Tumbili wa pale hawaachi ndizi kitini.